Mwanamke wa Kaburini na Mstari wa Shingoni

Mliniuliza nyote kwa pamoja Jumatano ile habari za safari yangu ya Misri, mpaka kahawa ikapoa vikombeni, na kila nilipofungua mdomo Da Salama alinidakia akasimulia yake. Basi naandika. Kwenye karatasi hawezi kunidakia. Habari za viza, tiketi na vibali naziruka, hazina ladha na nyote mmeshazipitia. Yaliyobaki nitayasema kama yalivyokuwa, na mkikuta hasira humo ndani, ni yangu na siifichi.

Bawshar, Maskati, kabla ya kutoka

Mama alipofariki alituachia mashuka mazuri ambayo hakuwahi kuyatandika, redio yake, na picha moja tu: ile ya kitambulisho. Kamera alikuwa haipendi. Na hiyo ya kitambulisho mwenyewe alikuwa akisema inamwonyesha kama mtu aliyekamatwa ameiba kuku wa jirani. Mimi ni mchoraji, mnanijua. Nimefundisha kuchora maskulini hapa Maskati mpaka nikastaafu. Nikamchora. Nilimchora amesimama kwenye mlango wa uani, mikono ameinua, viganja wazi, anaomba dua, kama alivyokuwa akifanya kila mvua ilipoanguka Bawshar, jambo ambalo si la kila mwezi. Nikaitundika sebuleni.

Kaka yangu Khalfan anakaa nyumba ya pili, ukuta wetu mmoja. Alikuwa akija kwangu kila asubuhi kunywa kahawa, na viatu vyake akiviacha katikati ya mlango, mtu akitoka anajikwaa. Miaka yote nimempigia kelele kwa viatu hivyo. Siku aliyoiona picha hakukaa.

"Zuwena, hii n'nakuomba uitoe."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Ina roho."

"Ina rangi na kitambaa."

"Basi kama huitoi, ikate shingo."

Wale ambao hamkusoma chuo chetu niwaeleze. Mwalimu wetu wa Qurani alitufundisha kwamba picha ya kiumbe ukiipiga mstari shingoni inakuwa imekufa, haina tena lawama. Wengine tulisikia tukaenda zetu kucheza. Khalfan aliishika kazi ile kwa moyo wote. Katika vitabu vyetu vya kusomea hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyesalimika: Juma alikuwa na mstari shingoni, na dada yake Juma, na ng'ombe wao. Hata jogoo wa kwenye sahani za mama aliwahi kuchinjwa kwa kalamu ya risasi, na mama akamchapa.

"Hasha," nikamwambia. "Shingo ya mama haikatwi na mtu humu ndani, hata kwa penseli."

"Basi chagua. Ama hiyo picha, ama mie. Nyumba ilimotundikwa sitii mguu."

Akaondoka. Kesho yake hapakuwa na viatu mlangoni, wala keshokutwa. Sina ndugu mwengine wa tumbo moja. Nikawa naingia na kutoka bila kujikwaa, na nilikuwa nachukia kila nilipotoka bila kujikwaa. Picha sikuishusha.

Ilikuwa siku hizo nilipoiona habari kwenye simu. Huko Misri, katika oasisi ya Kharga, wanaakiolojia wamefukua kaburi la Wakristo wa zama za mwanzo kabisa, karibu na makaburi ya zamani ya Bagawat, na ukutani wamemkuta mwanamke aliyechorwa amesimama, mikono ameinua, viganja wazi. Nilitazama picha ile ndogo mpaka simu ikazimika. Ilikuwa mikono ya mama. Nikaenda ukutani nikamwita Khalfan, nikamwonyesha kwa juu ya matofali.

"Hao ni Nasara," akasema, "na wamo makaburini mwao. Sisi makaburi yetu hayana hata jina."

Hapo hakusema uongo. Mama amelala chini ya mawe matatu, kama wanawake wote wa kwetu. Mwanamume huwekewa mawili. Hakuna jina, hakuna tarehe. Lakini mimi kaburi sikuligusa. Nilichora kitambaa kikakaa sebuleni kwangu.

"N'nakwenda kumwona," nikasema.

"Si umeshamwona kwenye simu?"

"Na wewe Makka mbona hukuitazama kwenye simu?"

"Astaghfirullah, Zuwena!"

Nilitaka nirudi na jibu ambalo hatoweza kulipangua: kwamba walikuwapo watu wa kumcha Mungu, wa kale kuliko sisi, walioona si dhambi kumchora mwanamke anayeomba, tena akaachwa salama karne na karne. Nilitaka picha yangu ibaki na ndugu yangu arudi. Vyote viwili. Wengi wenu mliniambia nichague kimoja, na niliwajibu vibaya.

Ufunguo wa nyumba nilimpa Khalfan mwenyewe, amwagilie maua yangu ya uani. Mlisema ni wazimu. Nilifanya makusudi. Nilitaka ajue kwamba simwogopi.

Maskati hadi Kairo

Da Salama aliponisikia nakwenda, alikuja na sanduku lake. Binamu yangu huyu mnamjua: amezaliwa Ujiji, ameshazeeka Ruwi, hapa hapa Maskati, na hofu zake amesafiri nazo kote huko.

"Mimi siendi kwenye makaburi ya watu," alisema. "Nakusindikiza tu. Wewe peke yako utagombana na mtu."

Sanduku lake lilikuwa na nguo chache, vitumbua, na madishi ya halwa ya Kiomani, nyeusi, ile inayovutika kwa kijiko. Nilimwambia Misri wana vyakula. Akaniuliza kama nina hakika.

Kairo ilitupokea kwa foleni ya magari, na dereva wa teksi aliyetaka kujua sisi ni watu gani. Kiarabu chetu alikielewa nusu, chake tulikielewa robo, na tulipogeukiana kusaidiana kwa Kiswahili akazima redio ili asikie vizuri.

"Nyinyi Wasudani?"

"Waomani."

"Na hiyo lugha?"

Nikamweleza. Mama yangu alizaliwa Unguja, huyu mwenzangu kazaliwa Ujiji kwenye ziwa, wazee wetu walitoka Oman wakaenda huko, kisha sisi tukarudi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho wa daraja.

"Sawa," akasema. "Basi nyinyi Wasudani wa Oman."

Da Salama alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka. Nimechoka kueleza mimi ni nani kwa kila anayeendesha gari. Hotelini Khalfan alipiga simu, sauti kavu, kusema mpira wa maji umetoboka. Nikamwambia auzibe. Ya picha hakutaja, na mimi sikutaja.

Kwa treni hadi Asyut

Treni ilitoka kwa wakati wake, jambo lililotudanganya. Baadaye ikasimama katikati ya mashamba ya miwa, na haikusema kwa nini. Hakuna aliyeuliza. Watu walivua viatu wakafungua vyakula vyao. Mbele yetu alikaa mama mmoja mnene mwenye macho ya kucheka, na mumewe aliyelala akiwa ameshika tasbihi. Mama yule alitandaza gazeti kwenye mapaja akaweka mayai ya kuchemsha, jibini nyeupe, matango, mkate bapa na pilipili za siki. Akatuwekea na sisi bila kutuuliza. Da Salama, kwa kuwa hakubali kushindwa kwa ukarimu, akatoa vitumbua.

Kitumbua kilizunguka behewa lile. Mmoja alisema ni keki, mwengine akasema hapana, ni mkate uliopotea njia. Mama mnene alikula vitatu akataka kujua vinapikwaje, na Da Salama akamfundisha kwa mikono, huku mimi natafsiri iliki na tui la nazi kwa mtu ambaye nazi ameiona kwenye biskuti tu.

Kisha akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia, Kharga, kwenye makaburi ya Wakristo wa kale, kuangalia mwanamke aliyechorwa ukutani. Macho yake yakaacha kucheka.

"Nyinyi Waislamu?"

"Alhamdulillahi."

"Mna jamaa huko?"

"Hatuna."

"Basi mnatafuta nini kwa mwanamke wa kaburini?"

Mume wake, ambaye kumbe hakuwa amelala, alifumbua jicho moja. "Wanatafuta hazina," akasema. "Watu wote wanaokwenda makaburini hutafuta hazina." Akalifumba tena.

Nilikasirika, na nikamjibu kwamba mimi natafuta mikono miwili tu, na nikainua yangu kumwonyesha, pale pale kitini. Behewa likatazama. Mama mnene naye akaiinua yake taratibu, akidhani naomba dua treni iondoke, na waliokuwa nyuma yake wakasema amina. Treni ikaondoka. Tangu hapo hadi Asyut tulipewa heshima kubwa na chai yenye sukari kupita kiasi, na Da Salama alinikataza kueleza chochote.

Njia ya jangwani

Kutoka Asyut tulichukua gari la Sabri, dereva kijana mwenye vikombe viwili vya plastiki na birika la umeme linalochomekwa kwenye gari. Alituhakikishia kuwa njia ni nyepesi. Njia kweli ilikuwa nyepesi. Mazito yalikuwa vizuizi vya polisi. Kwenye kila kizuizi tulisimamishwa, tukaulizwa, tukasubirishwa kwenye jua la mchanga, tukaambiwa tunangojea gari la kutusindikiza, kisha tukaambiwa halipo, tuendelee.

Kwenye kimoja cha hapo katikati wakafungua sanduku la Da Salama. Askari alitoa dishi la halwa, akalitikisa. Halikutikisika. Akafungua kifuniko, akanusa, akachovya ncha ya kalamu, na kalamu ikabaki humo.

"Nini hii?"

"Halwa," Da Salama akasema.

Askari akamwita mwenzake. Wao halwa wanayoijua ni ya ufuta, nyeupe, ya kukata kwa kisu. Hii ilikuwa nyeusi, inang'aa, na imeshaimeza kalamu ya serikali. Mwenzake akasema ni gundi. Wa tatu akasema ni dawa ya kuezekea mapaa. Mimi nikaanza kupandisha sauti, kwamba sisi ni watu wazima, kwamba hiki ni kitu tunachokirimia wageni wetu, kwamba sitokubali chakula cha kwetu kiitwe gundi na mtu mwenye bunduki. Da Salama, yule mwenye hofu, akanivuta nyuma kwa mtandio.

"Mwanangu," akamwambia askari kwa Kiarabu chake cha Ruwi, "leta kijiko."

Akala yeye kwanza, mbele yao, kijiko kilichojaa. Wakamtazama kuona kama ataanguka. Hakuanguka. Akajaza kijiko cha pili akamnyooshea yule mkubwa wao, na yule mkubwa, kwa sababu wenzake walikuwa wanamwangalia, akala. Akalamba kijiko. Kisha akaagiza vikombe vya chai vya wote, na tukachelewa zaidi kuliko tulivyocheleweshwa kwa kushukiwa. Dishi moja lilibaki hapo, na kalamu.

Tulipokuwa tunaondoka Khalfan alipiga tena. Mpira wa maji ameuziba. Nikamuuliza hali yake.

"Mzima," akasema. Kisha akaongeza: "Sebuleni kwako mna vumbi."

Nikatazama jangwa. Vumbi la sebuleni mtu halioni akiwa uani.

"Ulisema hutii mguu," nikamwambia.

"Nilikwenda kufunga dirisha." Akakata simu.

Bagawat

Tulipofika, kaburi jipya lilikuwa limefungwa. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda mazishini kijiji cha mbali na hakuna aliyejua atarudi lini. Nilitoka Maskati kuja kutazama mlango wa bati wenye kufuli. Nikakaa juu ya jiwe nikasema siondoki hapa. Sabri akasema hakuna anayenifukuza, ila jua litanifukuza lenyewe.

Aliyetuokoa alikuwa Daktari Mariam, fundi wa kusafisha michoro, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani kama mkulima. Ndiye niliyekuwa nikiwasiliana naye. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na msalaba mdogo wa chale. Da Salama aliuona, akautazama, kisha akamkumbatia kama waliokwisha kujuana, kwa sababu mwanamke yule alikuwa ameleta maji baridi.

"Mkiwa mnasubiri," Mariam akasema, "njooni muone wakubwa zake bibi huyo."

Makaburi ya Bagawat yako kwenye mwinuko, vinyumba vya udongo vyenye kuba, vimejipanga mpaka macho yanachoka. Kama mtu angekwambia ni kijiji ambacho watu wake wamekwenda sokoni, ungemwamini. Tulipofika vya mwanzo Da Salama akasimama, na kwa mazoea ya mdomo akatoa salamu ya watu wa makaburini, kwa sauti, kama tunavyofanya kwetu. Kisha akajishika mdomo.

"Zuwena! Nimewasalimia Nasara!"

"Wamekufa kitambo, Da Salama. Hawatakushitaki."

"Lakini inafaa?"

Mariam, aliyesikia Kiarabu cha salamu tu, akaitikia kwa niaba yao, na akaendelea kupanda. Da Salama akamfuata.

Alituingiza kwenye kinyumba kimoja, akatwambia tutazame juu. Ndani ya kuba, kwa duara, walikuwapo watu wamechorwa kwa rangi nyekundu, njano na zambarau. Mariam hakusema majina. Alitaka kuona kama tutawatambua. Da Salama aliinua shingo na kuanza kuhesabu kwa kidole.

"Huyu kwenye jahazi na wanawe... huyu si Nabii Nuhu? Na huyu mwenye kisu, na mtoto pembeni... Nabii Ibrahim! Na hawa wawili waliojisitiri kwa majani..." Akageuka. "Zuwena, hawa wote tunawajua!"

"Tunawajua," nikasema. Nilitaka Khalfan awe pale. Nilitaka asimame chini ya kuba lile aniambie hawa ni watu wa nani.

Na alikuwamo humo mwanamke aliyeinua mikono. Mariam alisema huyo jina lake limeandikwa kwa Kigiriki, na maana yake ni Sala. Hakuwa mtu, ni sala yenyewe wameichora. Nikamwuliza, na yule wa kaburi jipya? Akasema huyo anadhani alikuwa mtu. Hana jina.

Mwenye ufunguo alirudi siku ya pili, adhuhuri, ana macho mekundu ya kulia na vumbi la njia. Tulimpa mkono wa rambirambi, na yeye akatupa ufunguo kabla hata hajanywa maji.

Kaburi lilikuwa chini, ngazi chache za udongo. Mariam alitangulia na taa ndogo, akaiwasha kwa upande ili isiumize rangi. Nikamwona.

Amevaa nguo nyekundu na mtandio. Macho yake makubwa, yanatazama mbele. Mikono ameiinua kutoka viwikoni, viganja wazi, na aliyevichora viganja vile alimpenda, kwa sababu hakuvichora vizuri kwa ufundi, ila alichora mpaka mikunjo ya vidole, kama mtu asiyetaka kusahau. Nilisogea. Mariam akasogeza taa.

Na hapo nikauona. Shingoni, kutoka sikio hadi sikio, palikuwa na mstari. Umekwaruzwa kwa kitu cha ncha, umenyooka, umekata rangi mpaka kwenye chokaa nyeupe. Uso haukuguswa. Mikono haikuguswa. Shingo tu.

Nilipiga kelele kwa Kiswahili. "Khalfan! Kanitangulia!"

Mariam aliogopa, akadhani nimeumwa na kitu. Da Salama akamweleza, naye alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Akasema baada ya watu wa dini yake kuondoka, walipita wengine. Wachunga mbuzi, wasafiri, watu waliotafuta kivuli. Walilala humu. "Huenda mmoja alikuwa halali usingizi kwa macho ya huyu bibi," akasema. "Akamkata ili apate kulala."

"Kwenye simu huu mstari haukuonekana!"

"Picha ya habari ilipigwa kabla sijamwosha. Ulikuwa umejaa udongo."

Sikutulia. Nilikuwa nimekuja na hoja yangu tayari mdomoni, na ukuta ule ulikuwa umempa kaka yangu ushahidi, si mimi. Nikamwambia Mariam, sasa utauziba, si ndiyo kazi yako? Chokaa kidogo, rangi kidogo, na mwanamke wa watu arudishiwe shingo yake.

"Siuzibi."

"Kwa nini?"

"Nikiuziba nitakuwa nimemfuta mtu mwengine aliyepita humu. Na yeye alikuwa mtu." Akaishusha taa. "Mimi humwambia huyu bibi kila asubuhi: walikukata, na bado unaomba."

Da Salama alikuwa analia bila sauti, kwa mtandio. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira na mchunga mbuzi aliyekufa zamani, na kaka yangu, na Mariam kwa kuwa na haki. Lakini nilibaki mle mpaka waliponitoa, na mikono ile nimeibeba kichwani.

Juu, chini ya kivuli cha turubai, tulimaliza dishi la mwisho la halwa pamoja na maharage, mkate na vitunguu vya majani. Wafanyakazi wa Mariam walikula kwa vidole. Hakuna aliyeiita gundi. Simu ya Khalfan haikuja siku hiyo, wala iliyofuata. Nilijua ameshafanya alichofanya.

Bawshar, baada ya kurudi

Njia ya kurudi siisimulii, Da Salama atawaambia, aliibiwa ndala. Nilipofika nyumbani maua yalikuwa mabichi na mpira umezibwa kwa ufundi. Nilipita moja kwa moja sebuleni bila kuvua baibui.

Mstari ulikuwa pale. Mweusi, mwembamba, kwa kalamu ya wino mzito. Umepigwa kwa rula. Bila shaka kwa rula. Maisha yake yote amefanya kazi wizarani. Uso hakuugusa. Mikono hakuigusa. Kutoka sikio hadi sikio, shingo tu.

Nilichukua kitambaa na dawa ya kufutia. Wino ule ungetoka, nina ujuzi huo. Niliinua mkono, na kitambaa kikanuka dawa chumba kizima, na sikufuta. Nilisimama hapo kwa muda nikimtukana Khalfan kwa lugha zote tunazozijua ukoo mzima. Mama alinitazama juu ya mstari. Mikono yake ilikuwa bado juu, viganja wazi.

Kisha nikaenda kuchukua brashi ya nywele chache na rangi ya dhahabu.

Mnaukumbuka mkufu wa mama? Ule aliolala nao na kuoga nao. Khalfan alimnunulia soko la Matrah kwa mshahara wake wa kwanza, na mama hakuuvua mpaka alipokwenda hospitali. Sasa unavaliwa na Asma, binti yake Khalfan. Nilipomchora mama sikuuweka, kwa sababu niliona uchungu. Sasa niliuweka. Niliuchora juu ya mstari ule ule, kiungo kwa kiungo, na wino mweusi nikauacha chini yake uwe kivuli cha dhahabu.

Asubuhi nikaenda ukutani.

"Khalfan! Njoo unywe kahawa. Shingo imekatwa kama ulivyotaka."

Alikuja. Alisimama kizingitini kama mgeni. Kisha akaiona, akavua viatu pale pale aliposimama, akaingia.

Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu, ya Nuhu na Ibrahim kubani na ya mwanamke asiye na jina, na sikuyahitaji hata moja.

"Mstari wangu umeufuta," akasema.

"Sikuufuta. Sogea utauona."

Akasogea. Alisogea karibu kuliko alivyopata kuisogelea picha yoyote tangu tulipokuwa watoto. Alikuwa anapumua kwa pua, kama mtu anayepanda ngazi.

"Hiki kipande cha katikati hukukipatia," akasema. "Kilikuwa kimepinda. Asma alikitafuna alipokuwa anaota meno."

"Kimepinda upande gani?"

"Huku." Akanyoosha kidole, nusura aguse rangi mbichi. "Huku, Zuwena. Mama alikuwa kila siku akikinyoosha kwa kucha."

"Basi kaa. Nikirekebishe."

Akakaa. Nikakipinda kipande kile huku anautazama mkono wangu, na kahawa yake ikapoa, na yeye ni mtu asiyekubali kahawa baridi. Nilipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Bado n'nasema ni haramu," akasema.

"Sema. Na mie bado n'nasema haishuki."

Ndivyo tunavyosema kila asubuhi tangu siku hiyo, yeye lake na mimi langu, na kahawa katikati. Kwa hivyo nyinyi mnaoulizana pembeni kama picha bado ipo, msiulizane. Njooni mwone. Viatu vya Khalfan mtavikuta katikati ya mlango. Angalieni msijikwae, na msivisogeze.